Thibitisha Kwamba Wewe ni Binadamu

Tovuti ya shirika la kusaidia vipofu haikuweza kutumiwa na kipofu. Tatizo lilikuwa hilo, wala hakuna haja ya kulizunguka.

Shirika lenyewe lilikuwa Lodwar, nyuma ya soko, na kazi yake ilikuwa kugawa viti vya magurudumu, magongo na fimbo nyeupe, na mara nyingine unga na mablanketi, kwa watu wa Turkana nzima, wenyeji na wakimbizi. Mwaka 2012 likaacha karatasi. Likatangaza kwamba anayetaka msaada aingie kwenye tovuti, ajaze fomu, abonyeze "Tuma".

Ekwam wa Kalokol akaingia. Alikuwa na simu ya Nokia iliyotiwa programu ya kusema. Kila alipogusa kitufe, simu ilimsomea kilichokuwa mbele yake, kwa sauti ya mzungu anayesoma Kiswahili kama padre aliyeshuka kwenye ndege jana. Ekwam alikuwa amemzoea, akampa na jina: Padre. Siku hiyo Padre alifungua tovuti ya shirika akasema, "Picha. Picha. Picha. Kiungo. Picha."

"Picha ya nini?" Ekwam akamuuliza.

"Picha," akasema Padre.

Ekwam hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi. Alipapasa fomu kisanduku kwa kisanduku, akibahatisha kipi ni cha jina na kipi ni cha kijiji, mpaka akafika mwisho. Hapo Padre akasoma, polepole na kwa heshima zote: "Thibitisha kwamba wewe ni binadamu. Andika herufi unazoziona kwenye picha." Akanyamaza kidogo, kisha akamalizia: "Picha."

Ekwam akaiweka simu juu ya goti. Alikuwa ametukanwa mara nyingi katika maisha yake, lakini si kwa adabu namna ile.

Kesho yake alipanda lori la samaki wakavu, akakaa juu ya magunia mpaka Lodwar. Dereva akamshusha mlangoni mwa ofisi. Afisa wa maombi alikuwa Lokeno, mume wa dada yake, mtu mwema aliyependa shati lililopigwa pasi na maneno ya Kiingereza.

"Shemeji! Karibu, karibu. Umekuja na nani?"

"Na samaki."

"Nasikia harufu. Haya, nikusaidie nini?"

"Nimekuja kuthibitisha mimi ni binadamu," Ekwam akasema, akanyoosha mkono juu ya meza. "Shika. Kama unataka kuuma, uma."

Ofisi nzima ikacheka. Lokeno naye akacheka, kisha akaona shemeji yake hacheki.

"Kaa chini basi, nikujazie mimi. Haichukui muda."

"Ulinijazia mara ya kwanza. Uliandika nini?"

"Unga na maharagwe."

"Na mara ya pili?"

Lokeno akakohoa. "Blanketi."

"Blanketi, Kalokol!" Ekwam akawageukia wale waliokuwa wakicheka. "Kule hata mbuzi wanatamani kuvua ngozi. Mimi nilisema nataka nini?"

"Ulisema fimbo. Lakini shemeji, fimbo nyeupe na njaa..."

"Nani amekwambia niko na njaa? Mimi niko na boti."

Hiyo ilikuwa kweli. Kabla trakoma haijamla macho, Ekwam alikuwa mvuvi, tena ndiye aliyekuwa mnadishaji ufukweni Ferguson's Gulf. Sauti yake ilitoka kwenye mizani ikafika kwenye maboti yaliyokuwa bado majini. Boti lake la mbao alilipa jina la rangi ya fahali wake wa kwanza, kama wanaume wa kwao wanavyojiita wenyewe. Alipopofuka alilikodisha, likamlisha. Lakini kwenda ufukweni ilibidi avutwe mkono kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na aliyemvuta alipochoka, Ekwam alirudi nyumbani hata kama mnada haujaanza. Alichotaka ni fimbo, na yale mafunzo ya kutembea nayo ambayo shirika lilitoa, ili aende mwenyewe, arudi mwenyewe, na katikati yake apige kelele zake. Na alitaka kuliomba jambo hilo kwa mdomo wake, kwa sababu kila aliyemwombea aliomba alichoona yeye kinamfaa kipofu.

Lokeno akaeleza. Tovuti ilitengenezwa Nairobi. Picha zilikuwa za wafadhili, wao ndio wanaotoa, na mtu hatoi bila kuona. Zile herufi zilikuwa za kuzuia kompyuta za matapeli. Orodha ya fimbo ingefungwa kabla ya uchaguzi wa Machi, na fedha za kubadilisha kitu hakuna mpaka bajeti mpya.

"Nikileta mtu wa kuitengeneza?"

"Ukileta, mimi nitampeleka kwa mkurugenzi. Naapa. Ni nani huyo?"

"Mama mmoja wa Kakuma, Mkongomani. Ndiye alinitilia Padre kwa simu."

"Padre gani tena?"

Ekwam alikuwa ameshaanza kupapasa njia ya kutokea.

Josiane Mukendi alikuwa na kibanda cha mabati kambini Kakuma. Mbele alichaji simu za watu, nyuma aliweka kompyuta zake. Alikuwa amesomea kazi hiyo Bukavu mpaka vita vilipomfungia chuo, na alikuwa na kicheko kilichomtangulia mlangoni.

"Papa Ekwam! Padre alikufa?"

"Padre mzima. Tovuti ndiyo maiti."

Aliifungua, akaitazama, akapiga ulimi. "Eh, Mungu wangu. Hii ni kalenda ya ukutani, haiko tovuti."

Lokeno alitoa nakala ya tovuti, shingo upande, na Josiane akaanza kazi. Hakuziondoa picha zote. Zile zilizokuwa pambo tupu, machweo juu ya ziwa na twiga ambaye hata hakuwa wa Turkana, alizitupa. Zilizobaki aliziandikia maneno, kila moja ya kwake, yasiyoonekana kwa jicho lakini Padre ayasome. Ekwam akakaa pembeni ya meza, akaisikia tovuti kwa mara ya kwanza.

"Mama mzee juu ya kiti cha magurudumu," akasoma Padre.

"Anacheka?" Ekwam akauliza.

Josiane akainama kwenye kioo. "Ananuna."

"Andika ananuna. Mfadhili ajue."

Visanduku vya fomu vikapata majina. Zile herufi za kwenye picha zikafutwa, na mahali pake Josiane akaweka swali la maandishi ambalo kompyuta za matapeli siku zile hazikuliweza: Ngamia wa Turkana ana nundu ngapi? Ayen, jirani yake kutoka Sudan Kusini, fundi cherehani asiyesikia tangu utotoni, ndiye aliyeijaribu kwanza. Alisoma swali, akainua kidole kimoja, akawaangalia kama watu waliopungukiwa na akili. Kisha akajaza fomu yote bila kuuliza mtu.

Ekwam alipaswa kufurahi. Naye angeweza kujaza ombi lake papo hapo, akaenda zake. Lakini alikaa palepale mpaka Josiane akamuuliza kama ameugua.

"Ayen anajua kusoma," akasema. "Mimi niko na Padre. Kule Kalokol vipofu ni wengi, viwete ni wengi, wote hawajui A na hawana Padre. Wana simu ya tochi tu. Hao wataandikiwa blanketi mpaka lini?"

"Basi wapige simu. Kompyuta ipokee, iseme nao, ichukue maneno yao iyatupie kwa tovuti." Josiane alisema hivyo kama mtu anayetaja mboga. "Inawezekana, papa. Lakini inataka kompyuta isiyolala, na betri, na sola, na kile kifaa cha kuunganisha laini. Mie sina."

"Shirika halina mpaka bajeti mpya."

"Njo vile. Tungoje."

"Orodha itakuwa imefungwa." Ekwam akasugua magoti yake. "Niko na boti."

Josiane hakucheka safari hiyo. Alimwambia akalale, afikiri. Ekwam akajibu kwamba akilala na jambo, huamka nalo lilelile, ila amechoka zaidi. Boti lilinunuliwa na mtu wa Longech, pamoja na nyavu.

Vifaa vilipopatikana, Josiane aliviweka kibandani kwake, akaning'iniza magodoro ukutani ili jenereta ya jirani isisikike, akamketisha Ekwam katikati. Sauti ya laini ingekuwa yake, Kiturkana kwanza, Kiswahili baadaye. Hapo wakagombana.

"Anza na maneno ya kazi," Josiane akasema. "Kiti, bonyeza moja. Gongo, bonyeza mbili. Fimbo, tatu. Watu hawana kredi ya kupoteza."

"Bila salamu? Nitakuwa nani, mwizi wa mifugo? Kwanza ejok."

"Ejok moja, fupi."

"Ejok moja," akakubali Ekwam, akaitoa kwa sauti ile ya ufukweni hata panya wakahama.

Siku ya kujaribu, Lokeno alikuja Kalokol na mkurugenzi. Wakasimama kando ya vichanja vya kukaushia samaki, na nusu ya mji ikasimama nyuma yao. Aliyechaguliwa kupiga kwanza alikuwa bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mpasua samaki, ambaye hakuna mtu Kalokol aliyewahi kumshinda kwa maneno. Akapewa simu. Josiane akaifungua sauti ili wote wasikie.

"Ejok!" ikasema simu.

"Ejok-noi!" akajibu bibi kwa furaha. "Ejok watoto? Ejok mbuzi? Na huko mvua imenyesha? Maana huku..."

"Kwa kiti cha magurudumu bonyeza moja kwa gongo bonyeza mbili..."

"...huku ni vumbi tu. Mbona unanikatiza? Nakuuliza mbuzi!"

"...hukuchagua kitu. Asante. Kwaheri."

Simu ikakata. Bibi akaitazama, kisha akawatazama watu.

"Nani huyu? Ananisalimia, namjibu, ananifukuza! Amezaliwa na nani huyu?"

"Ni Ekwam!" watu wakapaza sauti. "Ni Ekwam huyo, bibi!"

"Ekwam?" Bibi akageuka na kisu chake cha samaki bado mkononi. "Macho yamekutoka, na adabu pia?"

Waliocheka walicheka mpaka wakashika vichanja. Wakajaribu wa pili, mzee wa mguu mmoja, mambo yakawa yaleyale: alisalimia, akauliza mifugo, akafukuzwa. Wa tatu vilevile. Hakuna Mturkana anayeweza kusikia ejok akaanza kutafuta namba ya kubonyeza. Mkurugenzi akawa anatazama gari lake. Lokeno hakucheka, na hilo lilimuuma Ekwam kuliko kicheko.

"Shemeji," Lokeno akasema chini chini, "umejaribu. Kila mtu ameona. Wacha mimi niwajazie."

"Rudini wiki ijayo."

"Mkurugenzi hawezi..."

"Mwambie atakula samaki. Arudi."

Njia yote ya kurudi Kakuma, Josiane alimsema. "Nilikwambia! Nilikwambia toa salamu! Weye ulitaka salamu, haya, salamu imetuua!" Walipofika kibandani, akaenda mwenyewe mpaka kwenye magodoro, akayapapasa, akalipiga moja kofi.

"Mama Josiane, mimi nilimsalimia nani hapa?"

"Hakuna mtu."

"Nilisalimia godoro. Godoro halijibu, ndiyo maana nikakimbia."

Josiane akaweka mfuko wake chini. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbele yake goti kwa goti, akamshika mkono.

"Haya. Nisalimie mie. Nitajibu kwa tumbo, bila sauti. Nikimaliza kujibu, nakufinya. Usiseme kabla sijakufinya."

Wakarekodi hivyo. Ekwam akasema ejok, akangoja. Alihisi mkono wa yule mama wa Bukavu umetulia ndani ya wake, mwenyewe akijibu salamu kimyakimya, kisha ukamfinya. Akauliza watoto, akangoja. Akauliza mifugo, na hapo Josiane alikawia sana, mpaka Ekwam akadhani amesinzia.

"Mbona unachelewa?"

"Ng'ombe za baba yangu zilikuwa mingi," Josiane akasema. "Rudia."

Zile namba nazo wakaziondoa. Mtu angesema haja yake kwa maneno yake, kwa urefu anaotaka, kisha abonyeze tano, kwa sababu kitufe cha tano kina kinundu na kidole hukiona bila macho.

Bibi alikubali kujaribu tena baada ya kubembelezwa. "Yule asiye na adabu bado yuko humo?"

"Amefunzwa, bibi."

"Ejok," ikasema simu, kwa upole.

"Ejok-noi," akajibu bibi, kwa hasira, akangoja kukatizwa. Hakukatizwa. Akatazama simu kwa jicho la pembeni. Ikamuuliza watoto, akajibu. Ikamuuliza mifugo. Akaeleza habari ya mbuzi wake mwenye ukurutu, na mengine ambayo majirani wangependa asiyaseme, na simu ikanyamaza kama mtu mzima anayesikiliza. Kisha ikasema, "Sasa niambie haja yako. Ukimaliza bonyeza kile kitufe chenye kinundu."

"Nataka gongo," bibi akasema. "La mti. La chuma linaunguza kwapa." Akabonyeza. Kisha, ingawa laini ilikuwa imekatika, akaongeza, "Nisalimie watu wa huko."

Kwenye kompyuta ndogo aliyoibeba Lokeno ombi likatokea, na sauti ya bibi ikatoka humo na gongo lake la mti. Mkurugenzi alisikiliza mara mbili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alivua kofia, akajipangusa uso, akamwambia Lokeno kwamba orodha haitafungwa mpaka kila mwenye haja Kalokol apige. Watu wakaanza kupanga mstari kabla hajamaliza sentensi.

Ekwam akangoja wa mwisho. Akawaambia wote wasogee, hata Josiane. Akapiga.

"Ejok," akasema Ekwam wa simu.

"Ejok-noi," akajibu Ekwam wa Kalokol.

"Watoto?"

"Wazima."

"Mifugo?"

Hapo akanyamaza. Simu nayo ikanyamaza, ikangoja, kama walivyoifundisha.

"Mbuzi wapo," akasema. "Boti nimeuza. Ndilo lililokununua wewe." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Haja yangu ni fimbo nyeupe na mafunzo yake. Si unga. Si blanketi. Ni mimi mwenyewe Ekwam ninayesema."

Kidole chake kikatafuta kinundu, kikakipata.

Jioni Lokeno akampigia kutoka Lodwar. Alikuwa amesikiliza maombi yote, na alikuwa na sauti ya mtu aliyekunywa maji ya chumvi. "Shemeji, boti? Lile lile? Ulinificha?"

"Umeandika nini?"

"Fimbo."

"Na nini tena?"

"Fimbo tu, shemeji. Fimbo na mafunzo. Naapa."

"Basi salimia dada yangu."

Fimbo ilikuja, na mwalimu wake pia. Kulipokucha siku ya kwanza ya Ekwam kwenda peke yake, alitoka Kalokol akipiga ardhi kushoto na kulia, na njia nzima watu walimfanyia mzaha. "Ejok!" walipiga kelele, wakanyamaza kwa makusudi, wakingoja kama simu. Naye akawajibu mmoja mmoja, watoto na mifugo, hata akachelewa. Alipofika ufukweni mizani ilikuwa imeshatundikwa. Aliuliza kuna nini leo, akaambiwa sangara na tilapia, akajaza kifua hewa, na sauti yake ikaenda juu ya maji mpaka kwenye maboti yaliyokuwa bado yanakuja. Moja ya hayo lilikuwa lake zamani. Alilitambua kwa mlio wa mbao zake likigusa mchanga, akalinadia samaki wake kama wa wengine, kwa haki, bila kupunguza wala kuongeza.

Mwaka 2013 ulipokwisha, laini ilikuwa ikipokea simu kutoka Kalokol, Eliye Springs, Lodwar na kambini Kakuma, ambako Josiane aliongeza sauti za Kidinka, Kisomali na Kifaransa, kila moja ikirekodiwa goti kwa goti na mkono ndani ya mkono. Ilimgharimu Ekwam boti moja la mbao, nyavu mbili na nanga. Ilimgharimu Josiane kompyuta moja iliyoungua kwa joto, na wateja wa kuchaji waliohamia kwa jirani alipokuwa amefunga mlango akirekodi. Ililigharimu shirika twiga mmoja, machweo yote, na mfadhili mmoja aliyeandika kwamba tovuti haivutii tena.

Boti halikurudi.